Chuo Kikuu Hakuna Kengele



Msimu wa vyuo vikuu kufungua milango umewadia tena. Vijana waliomaliza kidato cha sita wanajiandaa kwa safari. Wengine ndiyo kwanza wametoka makambini JKT, nywele hazijarudi sawasawa kichwani. Wengine wako nyumbani wanahesabu siku, na wengine wanazunguka madukani na mama zao kutafuta ndoo, shuka na godoro la inchi nne. Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimefundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza, na leo nimeona nizungumze nao, na kidogo na wazazi wao, kabla mabasi hayajaondoka.

Jambo la kwanza linalomchanganya mgeni si ugumu wa masomo. Ni kengele. Kijana aliyetoka Tabora, Ilboru, Kilakala au Msalato ameishi miaka yake yote ya sekondari kwa kufuata kengele. Ilimwamsha alfajiri, ikampeleka mstarini, ikamwingiza darasani, ikamwita kwenye uji, ikampeleka prepo usiku, na mwishowe ikamwamuru azime taa. Akichelewa, mwalimu wa zamu alikuwa anamsubiri. Kijana huyu hajapata kuamua mwenyewe, hata kwa wiki moja, aamke saa ngapi na asome nini.

Sasa anafika chuoni. Anapewa ratiba, anaitazama, anaona vipindi viwili Jumatatu, kimoja Jumanne, na Jumatano asubuhi yote nyeupe. Anampigia simu rafiki yake: "Huku raha tupu, hatuna vipindi!"

La hasha. Vipindi anavyo, ila havijaandikwa. Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu, shahada ya miaka mitatu inahitaji krediti zisizopungua 360, maana yake krediti 120 kila mwaka, na krediti moja huhesabiwa kuwa saa 10 za kazi ya mwanafunzi. Pigeni hesabu. Krediti 120 ni saa 1,200 kwa mwaka. Ukizigawa kwa majuma 30 ya masomo unapata saa 40 kwa juma, sawa kabisa na mtu aliyeajiriwa. Ratiba ikionyesha saa 18 za darasani, zile 22 zilizobaki zinadaiwa. Hakuna atakayekuja hosteli kuzidai, lakini mtihani utazidai.

Kwa hiyo nasaha yangu ya kwanza ni ya kizamani kabisa: jitengenezee kengele yako. Chukua ile ratiba, jaza nafasi nyeupe kwa kalamu, andika Jumatano saa mbili hadi saa sita maktaba, somo fulani. Usiandike tu "kusoma". Anayeandika "kusoma" atalala.

La pili ni mhadhara wenyewe. Shuleni mwalimu aliandika ubaoni nanyi mkanakili, na mtihani ukatoka mle mle. Chuoni mhadhiri ataingia katika ukumbi wenye wanafunzi mia mbili au mia nne, atazungumza kwa saa moja au mbili, atataja vitabu vitano, kisha atachukua mkoba wake na kuondoka. Hatasema "andikeni". Hatauliza nani hajaelewa. Wageni hubaki wakitazamana, wakisubiri notsi. Notsi haziji. Kinachokuja ni madesa, yaani karatasi zilizorudufiwa kutoka kwa wanafunzi wa miaka iliyopita, na siku hizi hata kurudufu hakuna, hutumwa kwa simu. Sisemi desa ni haramu. Nasema desa ni chakula kilichokwisha kutafunwa na mtu mwingine, tena mara nyingine mtu huyo mwenyewe alipata C. Mimi nimepata kusahihisha karatasi 40 zenye kosa lile lile la tarehe, kosa ambalo chimbuko lake lilikuwa desa moja la miaka sita nyuma!

Hapo hapo niseme neno juu ya kunakili. Shuleni aliyekariri kitabu neno kwa neno alisifiwa. Chuoni, ukichukua aya ya mtu ukaiweka katika kazi yako bila kutaja imetoka wapi, huo ni wizi, na adhabu yake yaweza kuwa kufutiwa somo. Na sasa imeingia akili mnemba, inayoweza kumwandikia mtu insha ya kurasa kumi wakati yeye anakunywa chai. Kila chuo kina kanuni zake. Ulizia za kwako mapema. Lakini kanuni au pasipo kanuni, siku ya mtihani utaingia ukumbini na kalamu na kitambulisho tu, na simu utaiacha nje.

Sasa niongee kuhusu alama, maana hapa ndipo wengi huumia bila kujua. Kuna usemi unaozunguka vyuoni kwamba mwaka wa kwanza ni wa kuzoea mazingira, na mambo yenyewe huanza mwaka wa pili. Usemi huo umewaponza watu. Katika vyuo vyetu vingi alama 40 kati ya 100 hutokana na kazi za muhula, yaani majaribio, semina na insha, na 60 ni za mtihani wa mwisho. Anayepuuza jaribio la wiki ya sita ameshatupa alama ambazo hazitarudi, hata akeshe vipi mwezi wa mwisho. Tena, alama za mwaka wa kwanza huingia katika wastani wa shahada nzima. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mfano, hutumia kipimo cha pointi tano. Kwa kipimo hicho daraja la kwanza huanzia wastani wa 4.4, na daraja la pili la juu huanzia 3.5. Mwanafunzi aliyejipumzisha mwaka wa kwanza akapata wastani wa 2.6 atahitaji wastani wa 3.95 mwaka wa pili, na 3.95 tena mwaka wa tatu, ili aifikie ile 3.5. Maana yake awe anapata B+ karibu katika kila somo, mfululizo, kwa miaka miwili. Wapo wanaoweza. Lakini aliyeweza kufanya hivyo mwaka wa pili, angeweza pia mwaka wa kwanza kwa jasho pungufu.

Nitoe tahadhari ndogo hapa. Masomo yanayowapa sapu wageni wengi si yale ya kutisha. Ni Stadi za Mawasiliano na Stadi za Maendeleo, masomo ambayo karibu kila mtu huyasoma na karibu kila mtu huyadharau. "Mimi nimekuja kusoma uhandisi, mambo ya insha ya nini?" Septemba utamkuta anarudi chuoni peke yake kufanya mtihani wa insha.

Ndugu wasikilizaji, kuna jambo zito zaidi kuliko ratiba na madesa. Vijana wanaofika chuo kikuu ni wale waliozoea kuwa wa kwanza. Miaka kadhaa iliyopita nilimfundisha kijana mmoja, jina lake silitaji, aliyekuja na divisheni wani ya pointi tatu. Kwa asiyejua, hiyo ni A tatu, haipo iliyo juu yake. Kijijini kwao alipokewa kwa ng'oma, na mbuzi akachinjwa. Alipofika chuoni akajikuta katika darasa ambalo nusu ya wanafunzi walikuwa na wani. Jaribio la kwanza akapata 11 kati ya 30. Si alama ya kufa mtu. Wapo waliopata saba wakacheka, wakaenda kujipanga upya. Yeye hakucheka. Hakumwambia mtu. Jaribio la pili hakutokea. Nilipowauliza wenzake wakasema yuko chumbani, anasema anaumwa. Nikamtumia salamu aje ofisini, akaja mara moja, akakaa ukingoni mwa kiti, akaniambia maneno ambayo sijayasahau: "Mwalimu, nyumbani wanajua mimi ni nani. Nitawaambia nini?"

Tulizungumza karibu saa nzima. Nikampeleka kwa Mshauri wa Wanafunzi, ikapangwa afanye lile jaribio upya. Juma lililofuata chumba chake kilikuwa kitupu. Aliondoka na begi lake usiku, na mpaka leo sijui alipo. Kijana yule hakukosa akili. Alikosa mazoea ya kushindwa. Tangu darasa la kwanza hakuna aliyemfundisha mtu anafanya nini akipata 11 kati ya 30.

Basi wewe unayekwenda, nakueleza mapema kinachofanywa. Kwanza unachukua ile karatasi yako iliyosahihishwa, usiichane. Unaisoma mekundu yote. Unatafuta mwenzako aliyefanya vizuri, unaomba kuiona ya kwake, wengi hawakatai. Halafu unakwenda kwa mhadhiri katika saa alizobandika mlangoni. Najua vijana wetu wanaogopa mlango ule. Wamezoea kwamba anayeitwa ofisini ana kosa. Pale haiko hivyo. Gonga, toa shikamoo yako, keti, na uwe na swali mahususi: "Hapa ukurasa wa pili nimekosa nini?" Usiingie na kusema "somo lako silielewi", kwa maana hilo hata mhadhiri hajui aanzie wapi. Na tafadhali, usimtumie ujumbe saa saba za usiku ukisema "Mambo Dokta". Hayo nayo yapo!

Nije kwenye fedha, zile ambazo wanafunzi wenyewe huziita bumu.

Wazee wenzangu mtakumbuka kwamba zamani Serikali ilibeba kila kitu, chakula, malazi, vitabu, hata nauli ya kwenda nyumbani likizo. Oktoba 1966, wanafunzi wa Chuo Kikuu Dar es Salaam walipoandamana kupinga kwenda Jeshi la Kujenga Taifa kwa masharti yaliyowekwa, Mwalimu Nyerere aliwarudisha nyumbani zaidi ya 300, na siku ile ile akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Hoja yake ilikuwa kwamba msomi analipiwa na mkulima. Katika miaka ya 1990 ukaja utaratibu wa kuchangia gharama, na mwaka 2004 ikatungwa sheria ya Bodi ya Mikopo. Tangu hapo kijana si mgeni wa Serikali tena, ni mdaiwa.

Wengi hawalioni hilo siku fedha zinapoingia. Mwaka 2022 Serikali ilipandisha fedha za chakula na malazi kwa wenye mkopo kutoka shilingi 8,500 hadi shilingi 10,000 kwa siku. Lakini hazitolewi kila siku asubuhi. Zinakuja kwa mkupuo, na mkupuo wa siku 60 ni shilingi 600,000. Kijana ambaye shuleni alipewa elfu ishirini ya matumizi kwa muhula, leo ana laki sita kwenye simu yake. Akitoa laki mbili na nusu kununua simu nyingine, amebakiwa na laki tatu na nusu, yaani shilingi 5,833 kwa siku, na humo humo bado hajalipia kitanda. Juma la tano anakula mlo mmoja. Juma la sita anakopa.

Na kukopa kwa siku hizi si kule kwa kumwambia mwenzako "nishikie elfu mbili". Ipo mikopo ya kwenye simu inayoitwa kausha damu. Anapewa fedha kwa dakika tano, akichelewa kulipa wanawatumia ujumbe watu wote walio katika simu yake, mjomba, mchungaji, mwalimu wa zamani, kuwatangazia kwamba ni tapeli. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 za namna hiyo zisizo na leseni. Wengine hukimbilia kubeti ili warudishe kilichopotea. Ukimwona mwenzako anachana mikeka kila Jumapili jioni, mwache aichane peke yake.

Ninachowashauri ni hiki. Siku bumu linapoingia, lipa kwanza kitanda, halafu tenga nauli ya kurudi nyumbani uiweke mahali pagumu kufikiwa, hata kwa kumtumia mama akutunzie. Kinachobaki kigawe kwa majuma, uwe unatoa Jumatatu tu. Pikeni kwa zamu, watu watatu au wanne, pale hosteli inaporuhusu. Sufuria la maharage halina aibu. Na kumbuka kwamba tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2016, mwenye ajira hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake kulipa mkopo. Mwenye mshahara wa shilingi 800,000 atakatwa 120,000 kila mwezi. Aliyeacha chuo njiani naye deni la alichopokea analo, na shahada hana.

Kwa mabinti nina neno la pekee, na nitalisema wazi. Watakuwapo wanaume watakaokungoja. Wapo wanafunzi wa miaka ya juu wanaojitolea kukuonyesha maktaba na kisha kukudai malipo. Wapo wenye magari nje ya lango. Na wapo, inauma kulisema mimi niliyekula chaki miaka yote hii, baadhi ya walimu watakaokuambia kwamba alama zako ziko mikononi mwao, mje mzungumze mahali pengine. Hilo lina jina, ni rushwa ya ngono, na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inalitaja kuwa kosa la jinai. Usiende. Tunza ujumbe wake, usiufute kwa hasira. Mwambie mtu mmoja unayemwamini siku hiyo hiyo. Nenda dawati la jinsia la chuo kama lipo, au piga TAKUKURU namba 113, haina malipo. Na karatasi yako ya mtihani yaweza kuombewa isahihishwe upya na mtu mwingine. Wengi hawajui kwamba njia hiyo ipo.

Kwa wavulana nao neno lao. Pale Mlimani palikuwa na kikundi cha siri kilichojiita Mzee Punch, kilichokuwa kikibandika ukutani maandishi na michoro ya kuwafedhehesha wanafunzi, hasa wa kike, na wengi walisimama wakisoma na kucheka. Februari 1990 mwanafunzi mmoja wa kike aliyekuwa akisakamwa na kundi hilo alijiua. Ukuta ule umehamia kwenye simu. Mnapoanzisha kundi la darasa na mtu akatuma picha ya binti isiyo ya heshima, nanyi arobaini mkacheka, basi mmesimama ukutani. Usonji huo wa maneno unamfikia mwenyewe, tena usiku, akiwa peke yake. Na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 haitauliza kama ulikuwa unatania.

Mengine nitayapita haraka. Kozi uliyopangiwa kama si uliyoitaka, ulizia kuhama mara tu ufikapo, kwani muda wa kuhama huwa mfupi na ukipita umepita. Nakala za vyeti vyako zihifadhi mahali pawili. Bima ya afya usiiache mpaka uugue. Vyama vya kisiasa, vya dini na vya michezo vitakuita vyote katika juma la kwanza. Chagua kimoja au viwili, ukatae vilivyobaki kwa adabu.

Wazazi, nimewaweka mwisho. Shuleni mlizoea kupokea ripoti yenye mhuri wa mkuu wa shule. Chuo hakitawatumieni kitu. Matokeo humfikia mwanafunzi mwenyewe, kwenye akaunti yake, kwa nywila yake. Niliwahi kutembelewa na mzee mmoja kutoka mkoa wa mbali, amevaa koti na kofia ya heshima, akaniuliza mahafali ni tarehe ngapi ili akodishe basi la ndugu. Nikatafuta jina la mwanawe katika orodha ya wahitimu, halikuwamo. Tukatafuta mwaka wa pili, halikuwamo. Lilikuwa limeishia mwaka wa kwanza. Kwa miaka miwili mzee yule alikuwa akituma fedha za kitanda, na kijana alikuwa akizipokea, akiishi mjini, akiogopa kusema.

Kwa hiyo, ndugu mzazi, kabla mwanao hajapanda basi, kaa naye mkubaliane kwamba kila mwisho wa muhula mtafungua ile akaunti pamoja, kwa amani, na kwamba akikuta sapu atakuambia siku hiyo hiyo. Na wewe umwambie, ajue toka sasa, utafanya nini siku hiyo. Kama jibu lako ni "nitamfukuza nyumbani", yeye ameshalijua muda mrefu, na ndiyo sababu hatakuambia. Na mnapompigia simu msianze na "masomo vipi?" kwa maana jibu lake siku zote ni "poa". Muulize amekula nini jana, anakaa chumba kimoja na nani, na mhadhiri wake wa Jumatatu anaitwa nani. Akishindwa kumtaja mhadhiri wake wa Jumatatu mwezi Januari, panda basi ukamwone.

Kwa leo muda wangu umekwisha. Nawatakia vijana safari njema. Kwaherini.